Kupima ubora wa mfupa kwa mwanga wa leza: mwongozo wa maabara, hatua kwa hatua

Daktari akitaka kujua hali ya mifupa ya mgonjwa, kwa kawaida humpeleka kwenye mashine ya DXA. Mashine hiyo hupitisha eksirei za nguvu mbili tofauti, kisha hukokotoa kiasi cha madini kwenye nyonga na uti wa mgongo. Majibu hutoka kwa alama iitwayo T, na tangu mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani limeweka −2.5 kuwa mpaka wa osteoporosisi, yaani ugonjwa wa mifupa kudhoofika. Ni kipimo kizuri, na kimewasaidia watu wengi. Lakini kinahesabu madini tu. Hakisemi madini hayo yana hali gani, wala yameshikana na nini.

Pengo hilo lilionekana wazi mwaka 1990, jarida la New England Journal of Medicine lilipochapisha utafiti wa wanawake 202 wenye osteoporosisi waliokwisha koma hedhi. Baadhi yao walipewa sodiamu floridi kwa miaka minne. Madini ya uti wa mgongo yalipanda kwa asilimia 35, ongezeko ambalo daktari yeyote angelishangilia. Hata hivyo pingili hazikuacha kuvunjika, na mivunjiko ya sehemu nyingine za mwili ikaongezeka. Mfupa ulijaa bila kuimarika. Wakazi wa miteremko ya Mlima Meru na wa Bonde la Ufa, ambako maji ya visima vingi yana floridi nyingi, wanayajua madhara yake bila kusoma jarida lolote: meno ya kahawia, na kwa baadhi yao miguu iliyopinda na viungo vinavyokakamaa.

Mfupa ni kama zege lenye nondo. Madini ya kalsiamu na fosfeti ndiyo zege, na huchukua takriban asilimia 60 hadi 70 ya uzito wake; protini, hasa kolajeni, ndiyo nondo; kinachobaki ni maji. Ukihesabu mifuko ya saruji peke yake hutajua kama nguzo itasimama. Spektroskopia ya Raman, yaani kupima jinsi mwanga wa leza unavyobadilika rangi ukigonga kitu, inaona zege na nondo kwa pamoja, katika pigo moja la mwanga. Mwongozo huu ni wa mwanafunzi, mtafiti au fundi sanifu wa maabara anayeweza kufikia mashine ya Raman, iwe chuoni, kwenye maabara ya madini au ya dawa, na anataka kuanza kupima mifupa. Tutaanza na mfupa wa mbuzi kutoka buchani, kwa sababu unapatikana, hauna masharti mengi, na unafundisha karibu kila kitu.

Kwanza elewa unachokitafuta

Mwaka 1928, akiwa Calcutta, mwanafizikia C. V. Raman alionyesha kwamba mwanga ukigonga molekuli, sehemu ndogo sana yake hurudi ikiwa imebadilika rangi. Mwaka 1930 akatunukiwa Nobel. Kiasi chenyewe ni kama fotoni moja katika milioni kumi. Badiliko hilo la rangi hulingana na jinsi molekuli inavyotetema, na kila aina ya molekuli ina mitetemo yake. Tunalipima kwa cm⁻¹, yaani idadi ya mawimbi kwa sentimita. Mashine huchora spektra, mchoro wa nguvu ya mwanga kwa kila badiliko, na kila mtetemo huonekana humo kama kilele. Kwa mfano, ukitumia leza ya nanomita 785, fosfeti ya mfupa, yenye badiliko la 960 cm⁻¹, huonekana kwenye nanomita 849 hivi, na kolajeni ya 1665 cm⁻¹ huonekana karibu na nanomita 903. Zishike namba hizo, tutazirudia kwenye hatua ya tatu.

Kuna spektroskopia nyingine ya mwanga inayotumika kwa mifupa, ya infraredi. Ni nzuri na mara nyingi mashine zake ni rahisi zaidi kupata. Shida ni kwamba maji humeza infraredi kwa nguvu karibu na 1640 cm⁻¹, palepale kolajeni inapokaa, hivyo lazima mfupa ukaushwe. Kwa Raman maji hayasumbui. Unaweza kuupima mfupa ukiwa mbichi na wenye unyevu kama ulivyokuwa mwilini, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya mimi kuipendelea Raman.

Hatua ya 1: Leza na macho yako

Chagua leza ya nanomita 785 au 830. Ile ya kijani, nanomita 532, hutoa ishara yenye nguvu zaidi, lakini huamsha mng'ao mkubwa wa fluoresensi kutoka kwenye protini na mabaki ya damu, na vilele unavyovitafuta huzama humo kabisa.

Leza ya 785 ni ya hatari kwa namna ya pekee: jicho huiona kwa shida, kama wekundu hafifu, wakati retina inapokea nguvu yake yote. Hutafumba macho kwa sababu hutahisi kwamba ni kali. Vaa miwani ya kujikinga iliyoandikwa urefu wa wimbi wa leza yako (ya leza ya kijani haifai), vua saa na pete zinazoakisi, na usiinamishe uso kufika usawa wa miale. Kama mashine ina kisanduku chenye mlango, ufunge mlango. Hapa hakuna nafasi ya haraka.

Hatua ya 2: Mfupa, na jinsi ya kutouharibu

Muombe muuza nyama mfupa wa paja au wa ugoko wa mbuzi, mbichi, wa mnyama aliyechinjwa siku hiyo. Usikubali uliochemshwa au kuchomwa, maana joto hubadilisha kolajeni. Kwangua nyama yote pamoja na utando wa nje, toa uboho, kisha kata pande jembamba katikati ya mfupa, unene wa milimita mbili au tatu, kwa msumeno wa meno madogo huku ukidondoshea maji ili usipate joto. Lainisha uso kwa msasa wa maji, ukianza na mkali na kumalizia na laini kabisa, kisha osha.

Katika hatua hii watu wengi huharibu kazi yao bila kujua. Usiuweke mfupa kwenye formalini kwa mazoea; hubadilisha kolajeni na huacha alama kwenye spektra. Usiuchovye kwenye hidrojeni peroksaidi ili uwe mweupe wa kupendeza. Usiuanike juani. Ufunge kwa shashi iliyoloweshwa maji ya chumvi ya hospitali, uutie kwenye mfuko usiopitisha hewa, na uugandishe kwenye friza ya nyuzi −20 za Selsiasi. Siku ya kupima, uache uyeyuke taratibu ukiwa ndani ya shashi yake. Epuka kuugandisha na kuuyeyusha mara nyingi.

Mafuta ndiyo adui wa pili. Ukiona kilele karibu na 1745 cm⁻¹ kwenye spektra, ujue kuna mafuta ya uboho, nayo pia huongeza kilele cha 1440, hivyo hesabu yako ya protini itadanganya. Rudia kuosha, au pima sehemu iliyo mbali na tundu la uboho.

Mfupa wa binadamu ni habari nyingine. Hata kichwa cha paja kilichotolewa kwenye upasuaji wa kubadilisha nyonga, ambacho kingetupwa, ni sehemu ya mwili wa mtu. Unahitaji ridhaa yake na kibali cha maadili: Tanzania kupitia mfumo unaosimamiwa na NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu), na kwingineko kupitia chombo kinachohusika. Anza kuomba mapema, kabla hata hujawasha mashine.

Hatua ya 3: Hakiki mashine kabla ya kugusa mfupa

Weka kipande cha fuwele ya silikoni (Si). Kilele chake lazima kiwe kwenye 520.5 cm⁻¹. Kikiwa kimehama, sahihisha kwa programu ya mashine.

Nukta moja haitoshi, kwa sababu mashine inaweza kuwa sahihi upande mmoja na kupotoka upande wa pili. Chukua parasetamoli safi, unga wa maabara ukiwepo, au kidonge cha duka la dawa kwa ukaguzi wa kawaida. Vilele vyake vinajulikana kimataifa: 857.9, 1168.5, 1323.9 na 1648.4 cm⁻¹, vikiwemo vingine. Kwa bahati njema vimetawanyika katika eneo lilelile la mfupa. Vyote vikikaa ndani ya cm⁻¹ moja ya namba hizo, endelea.

Sasa zile namba za mwanzo. Kamera za silikoni hupoteza uwezo kadiri zinavyokaribia nanomita 1000. Kwa hiyo kolajeni kwenye nanomita 903 huonekana kwa jicho dhaifu kidogo kuliko fosfeti kwenye 849, na kila mashine ina udhaifu wake. Ndiyo maana uwiano uliopatikana Nairobi hauwezi kulinganishwa moja kwa moja na uliochapishwa Michigan bila kusahihisha mwitikio wa mashine. Kwa leza ya 785 kuna kioo maalumu cha Marekani, NIST SRM 2241, kinachotumika kwa kazi hiyo. Kama huna, bado unaweza kufanya kazi ya maana: pima sampuli zako zote kwa mashine moja, mpangilio mmoja, na ulinganishe hizo kwa hizo.

Hatua ya 4: Kupiga

Weka pande la mfupa chini ya hadubini ya mashine likiwa na unyevu. Tone la maji ya chumvi kila baada ya muda litatosha. Anza na nguvu ndogo ya leza, miliwati chache, na upige kwa sekunde 10. Tazama uso wa mfupa baada ya pigo. Ukiona doa jeusi au la kahawia, umeuunguza, na namba ulizopata ni za mfupa uliounguzwa. Panda taratibu mpaka kilele cha 960 kisimame wazi na cha 1665 kionekane bila kubahatisha. Kwa mashine nyingi utaishia kwenye sekunde 30 hadi 60 kwa nukta, kwa marudio matatu au zaidi. Marudio yana faida nyingine: chembe za kutoka angani hugonga kamera na kuacha mstari mwembamba mrefu kama sindano, na kwa kuwa haujirudii mahali pamoja, programu huutambua na kuufuta.

Mng'ao wa fluoresensi ukiwa mkubwa, iache leza juu ya nukta hiyo kwa dakika chache kabla ya kurekodi. Mng'ao hufifia wenyewe. Muda utakaotumia kwa nukta moja, utumie kwa zote.

Nukta ya leza chini ya lenzi kali ina upana wa mikromita chache tu, wakati osteoni, yaani zile duara ndogo zinazounda mfupa mgumu, zina upana wa mikromita 200 hivi. Osteoni changa ina madini machache kuliko tishu ya zamani iliyo pembeni yake. Ukipiga nukta tano ovyo unaweza kupata majibu matano tofauti, yote ya kweli. Panga nukta kwa gridi, 25 au zaidi kwa kila pande, au tumia lenzi dhaifu yenye nukta pana ili mashine ikupe wastani.

Hatua ya 5: Kusafisha spektra

Hata baada ya kufifisha mng'ao, spektra itakaa juu ya mlima wa fluoresensi. Uondoe kwa kuchora mkunjo laini chini ya vilele na kuutoa. Polinomia ya daraja la tano kwa kawaida hutosha. Ukipandisha daraja sana, mkunjo huanza kula vilele vipana vya kolajeni, na utauona mfupa kama una protini chache kuliko ilivyo kweli. Chora mkunjo juu ya spektra halisi na uutazame kwa macho yako, kwa kila kundi la sampuli. Programu huria za Python au R zinafanya kazi hii vizuri, hakuna haja ya leseni ya gharama.

Tunza spektra ghafi kama zilivyotoka. Utakapobadilisha njia ya kusafisha, na utaibadilisha, utazihitaji.

Hatua ya 6: Kusoma vilele

Kilele kirefu kuliko vyote, karibu na 960 cm⁻¹, ni fosfeti. Kwenye 1070 ni kaboneti iliyoingia ndani ya fuwele za madini. Vilele viwili vidogo vya 855 na 875 ni prolini na haidroksiprolini, asidi amino zinazoitambulisha kolajeni. Kile cha 1003 ni fenilalanini, asidi amino nyingine. Kati ya 1240 na 1300 kuna amaidi III, na karibu na 1665 kuna amaidi I, zote za protini.

Urefu wa kilele kimoja peke yake hauna maana, kwa sababu hubadilika ukisogeza lenzi kidogo tu. Kinachobeba habari ni uwiano.

Uwiano wa kwanza ni wa madini kwa protini, 960 ukigawanya kwa amaidi I. Hupanda kadiri tishu inavyokomaa. Huwa chini kwenye mifupa iliyokosa vitamini D, kama ya matege. Kwenye ugonjwa wa kurithi wa mifupa kama kioo, yaani osteojenesisi impafekta, huwa juu, na bado mfupa huvunjika kwa urahisi wa kusikitisha. Hapo ndipo utaona kwa nini madini mengi si sawa na nguvu. Kuna tahadhari: 960 na amaidi I hutegemea pia mwelekeo wa nyuzi za kolajeni dhidi ya leza, hivyo pande lililokatwa kwa urefu halitalingana na lililokatwa kwa upana. Kata zote upande mmoja, au tumia kilele cha 430, ambacho nacho ni cha fosfeti, ukigawanya kwa amaidi III, ambao haujali mwelekeo kwa kiasi kikubwa.

Uwiano wa pili ni wa kaboneti kwa fosfeti, 1070 kwa 960. Huongezeka kadiri tishu inavyozeeka. Usikimbilie kuchukua urefu wa kilele cha 1070, kwa sababu fosfeti nayo ina mtetemo kwenye 1076 na vyote viwili hukaa pamoja. Vitenganishe kwa kulinganisha mikunjo, au eleza wazi kwamba hukuvitenganisha.

Cha tatu si uwiano bali upana: pima kilele cha 960 kwenye nusu ya urefu wake. Kikiwa chembamba, fuwele ni kubwa na zimepangika vizuri zaidi. Kikiwa kipana, fuwele ni ndogo au zimechanganyika. Mahali kilele kilipo nako kunasema jambo. Floridi ikiingia kwenye fuwele hukisukuma kuelekea 964 au 965, kwa hiyo kwa mtafiti wa Arusha au Nakuru kuhakiki mashine kwa uangalifu kunalipa maradufu: badiliko lote analolitafuta ni la cm⁻¹ chache tu.

Cha nne ni umbo la amaidi I, hasa 1660 kwa 1690, ambalo watafiti hulihusisha na jinsi nyuzi za kolajeni zilivyofungamana. Lina thamani, lakini huvurugwa na unyevu, mwelekeo na mng'ao. Mimi hulitumia baada ya kuridhika na mengine yote.

Hatua ya 7: Jaribu kipimo kwa mifupa ambayo majibu yake unayajua

Hatua hii naisisitiza kuliko zote, na inagharimu siki na mkaa. Kutoka mfupa uleule wa mbuzi, kata mapande matatu.

La kwanza liache kama lilivyo. La pili, lililo jembamba, liloweke kwenye siki kwa siku kadhaa, ukibadilisha siki kila siku, mpaka lipinde kama mpira. Siki imeyeyusha madini na kuacha kolajeni. Lioshe kwa maji mengi ili siki isibaki. La tatu lichome kwenye moto mkali wa mkaa, nje penye hewa, mpaka liwe jeupe kote. Sehemu nyeusi bado ina kaboni, hung'aa ovyo na huungua chini ya leza.

Pima yote matatu kwa mpangilio mmoja. Kwenye pande la siki, kilele cha 960 kinapaswa kuzama au kutoweka, na 1665 kubaki. Kwenye pande jeupe, amaidi zote zitoweke, na 960 kiwe chembamba kuliko cha mfupa mbichi. Ukipata hivyo, mashine yako inatofautisha zege na nondo, na unaweza kuamini tofauti ndogo utakazoziona baadaye. Usipopata hivyo, rudi hatua ya tatu na ya tano kabla ya kugusa sampuli ya mtafiti mwenzako.

Hatua ya 8: Hesabu wanyama, usihesabu nukta

Nukta 100 kwenye mbuzi mmoja ni mbuzi mmoja. Chukua wastani wa nukta kwa kila mnyama, kisha linganisha wanyama. Kwenye ripoti andika urefu wa wimbi wa leza, nguvu iliyofika kwenye sampuli, muda, lenzi, sehemu ya mfupa na mwelekeo wa kukata, jinsi ulivyoutunza, njia ya kuondoa mng'ao, na kama ulitumia urefu wa kilele au eneo lake. Umri na jinsia ya mnyama pia, kwa sababu vyote viwili hubadilisha namba.

Je, mtu aliye hai?

Njia ipo na inaendelea kufanyiwa utafiti. Mwaka 2005 Pavel Matousek na wenzake wa Rutherford Appleton Laboratory, Uingereza, walionyesha kwamba ukipiga leza mahali pamoja kwenye uso wa kitu chenye tabaka na kukusanya mwanga milimita chache pembeni, mwanga unaokusanya unatoka chini zaidi; baadaye njia hiyo ikatumika kuufikia mfupa chini ya ngozi. Ugoko na vidole vya mkono vinafaa, kwa sababu nyama juu ya mfupa ni nyembamba.

Kazi iliyobaki si ndogo. Ngozi nayo imejaa kolajeni, hivyo uwiano wa madini kwa protini huchanganya ngozi na mfupa mpaka hesabu zitenganishe. Nguvu ya leza ina kikomo: kwa nanomita 785, usalama wa ngozi hauruhusu zaidi ya takriban wati 0.3 kwa sentimita ya mraba. Na melanini, rangi asilia ya ngozi, humeza mwanga na kung'aa. Mwanga wa 830 hupita vizuri zaidi kuliko wa mawimbi mafupi, lakini tofauti ya ngozi hadi ngozi hubaki. Kwa hiyo anayetengeneza kifaa cha aina hii, na hasa anayekusudia kukileta kwenye hospitali zetu, ajaribu kifaa hicho kwenye ngozi nyeusi tangu siku ya kwanza, apime joto la ngozi wakati wa pigo, na achapishe matokeo kwa kila rangi ya ngozi peke yake. Wakati huohuo mgonjwa mwenye hofu ya mifupa yake aelekezwe kwa daktari na kwenye DXA, akapimwe pia vitamini D na kalsiamu, na aulizwe maji anayokunywa nyumbani yanatoka wapi.